Njia ya Kru Chifu Inapita Kwenye Matairi

Mimi ni kru chifu wa timu ndogo ya leiti modeli hapa North Carolina, Marekani. Kwa ambaye hajawahi kuzifuatilia mbio hizi, ni magari yenye sura ya gari la kawaida la barabarani, ila ndani kuna kiti kimoja tu, mabomba ya chuma yaliyochomelewa kumlinda dereva, na injini ya silinda nane. Yanazunguka kiwanja cha lami chenye umbo la yai, kona zote zinakatwa kushoto. Juu kabisa ya mchezo huu iko Cup Series, ligi kuu ya NASCAR, chama kinachoendesha mbio hizi, yenye mbio 36 za pointi kuanzia Februari hadi Novemba. Chini yake kuna ligi nyingine za taifa, na chini zaidi kuna viwanja vidogo vya Jumamosi usiku, Hickory, South Boston na vingine kama hivyo. Huko ndiko niliko sasa, baada ya kupita kwenye timu kubwa zaidi nikiwa mtu wa matairi, kisha fundi, kisha msimamizi wa gari.

Kru chifu ndiye anayeamua gari lifungwe vipi kabla ya mbio, libadilishwe nini katikati, liingie lini piti, yaani pale gari linaposimama kuhudumiwa, litoke na matairi mapya mawili au manne au litoke na yaleyale. Ndiye anayezungumza na dereva kwenye redio muda wote. Gari likikutwa na kosa kwenye ukaguzi, ndiye anayeitwa.

Vijana wetu walioko huku, Watanzania, Wakenya, Wakongomani waliokulia Charlotte na Greensboro, huniuliza mtu anafikaje hapo. "Anko, nisome uinjinia? Nijifunze simuleta, ile mashine ya kuigiza mbio?" Nawajibu kusoma ni vizuri, na sitanii. Lakini anayetaka kuja kuongoza gari aanze na matairi, akae nayo muda mrefu kuliko anavyodhani inatosha. Jibu hili huwaudhi, kwa sababu kazi ya matairi ni chafu, ina malipo madogo, na hakuna anayekupiga picha ukiifanya. Naomba nieleze kwa nini nalisimamia.

Ufundi nilianzia Gerezani, Dar es Salaam, chini ya malori. Pale nilijua difu, majani ya springi, gia boksi, na jinsi ya kusikia beringi iliyokufa kabla haijajionyesha. Nilipokuja Marekani kwa bahati nasibu ya grini kadi nilidhani ujuzi huo utanipeleka moja kwa moja kwenye injini. Nilifanya kazi ya ghala usiku, na Jumamosi nikawa naenda Hickory Motor Speedway, kiwanja cha tangu 1951 ambacho wenyeji wanakiita mahali walipozaliwa nyota wa NASCAR. Pale timu nyingi zina watu wachache. Ukisimama karibu na gari ukiwa na mikono inayotaka kazi, mtu atakupa kazi. Mimi nilipewa matairi na mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa ameshughulika nayo maisha yake yote. Kwa heshima yake simtaji jina, kwani hakupenda kutajwa.

Kazi yenyewe iko hivi. Gari likitoka uwanjani baada ya mazoezi, linasimama na wewe unapiga magoti palepale na kipimajoto chenye sindano. Unachoma sindano kwenye mpira sehemu tatu kwa kila tairi: ukingo wa nje, katikati, ukingo wa ndani. Ni namba kumi na mbili, na unazipata haraka kwa sababu mpira unapoa ukiutazama. Katikati kukiwa na moto kuliko kingo mbili, upepo umezidi. Kingo zikizidi katikati, upepo ni mdogo. Tairi la mbele kulia, ambalo ndilo linalobeba mzigo mkubwa kwenye kona za kushoto, likiwa na moto mwingi ukingo wa nje tu, basi halijainamishwa vya kutosha kuelekea ndani. Ukilinganisha tairi la mbele kulia na la nyuma kulia unajua ni upande gani wa gari unaoteseka.

Kisha tairi linavuliwa. Limejaa makombo ya mpira lililookota kwenye lami, yamegandamana kama ukoko wa wali. Unayachoma kwa bomba la hewa moto na kuyakwangua kwa kisu cha bapa mpaka uone vile vitundu vidogo vilivyotobolewa kiwandani kupimia unene. Vidole vinaungua, moshi unaingia machoni. Unachomeka geji kwenye kitundu, unasoma, unaandika. Kitundu kinachofuata, unaandika. Halafu unazungusha utepe kwenye tairi lote kupima mzunguko wake, maana kwenye magari haya tairi la nyuma kulia linatakiwa kuwa kubwa kidogo kuliko la nyuma kushoto. Difu inazungusha magurudumu yote mawili pamoja, kwa hiyo tofauti hiyo ya mzunguko ndiyo inayolisaidia gari kukunja kushoto. Tofauti ya upana wa kidole inabadilisha tabia ya gari zima.

Upepo nao una elimu yake. Hatujazi hewa ya kawaida ya kompresa, tunajaza naitrojeni kavu, kwa sababu hewa yenye unyevu inapanda isivyotabirika tairi likipata moto. Tunabishana juu ya nusu pauni. Nilipotoka kwenye malori ya Gerezani, ambako tairi unalipiga teke na kusema liko sawa, nusu pauni ilionekana kichekesho. Mzee hakubishana nami. Alilituma gari uwanjani, akaongeza nusu pauni, akalituma tena, akanipa saa ya kupimia muda. Niliona mwenyewe.

Alikuwa na kanuni moja tu kwangu: namba kwanza, maoni baadaye. Nikifika na kusema "nadhani gari lina shida mbele," ananigeuzia mgongo. Nikifika na karatasi, anaacha anachofanya. Nimekuwa na karatasi tangu wakati huo. Kila mbio ina ukurasa wake: joto la lami, mawingu, upepo wa matairi tulioanza nao na tuliomaliza nao, unene uliobaki kila kitundu, dereva alisema nini mzunguko gani. Kuna simu na kompyuta, na tunazitumia, lakini namba uliyoiandika kwa mkono wako ukiwa umepiga magoti inakaa kichwani tofauti.

Sasa niseme faida yake ni nini ukishakaa kwenye kiti cha juu.

Dereva haongei lugha ya springi na shokomzoba. Anaongea anachokisikia mwilini. Gari lina magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni kugoma kukata kona, unakunja usukani na pua inakwenda moja kwa moja ukutani. La pili ni mkia kutoroka, nyuma inataka kutangulia mbele. Dereva anakwambia ugonjwa, wewe unachagua dawa. Mojawapo ya dawa inayotumika sana ni weji: fundi anachomeka spana ndefu kupitia tundu la kioo cha nyuma na kuzungusha skrubu iliyo juu ya springi, na hapo anabadilisha uzito uliokaa kwenye mshazari wa gari, yaani mbele kulia na nyuma kushoto. Ukiuongeza mkia unatulia, ukiupunguza pua inakubali kukunja.

Usiku mmoja South Boston, Virginia, kwenye mbio ndefu za mizunguko 200, dereva wetu alianza kulalamika mapema. "Chifu, mkia! Nikitoka kona mkia unanitoroka!" Dawa ya kitabuni iko wazi, ongeza weji. Fundi mmoja kijana alikuwa ameshashika spana. Nikamuuliza dereva, "Katikati ya kona mikono yako iko wapi?" Kimya kidogo. "Nimekunja sana." Tukasubiri mapumziko ya katikati ya mbio, tukavua tairi la mbele kulia, na nikapitisha kiganja juu yake kabla hata ya kupima. Ukingo wa nje ulikuwa umechanikachanika, na rangi imegeuka kuwa ya bluu. Tairi la nyuma kulia lilikuwa na afya. Mkia haukuwa mgonjwa. Gari lilikuwa linagoma kukunja katikati ya kona, dereva anaongeza usukani, anaongeza tena, na anapokanyaga mafuta huku magurudumu ya mbele yamekunjwa kupita kiasi, mbele inashika ghafla na nyuma inaruka. Anachokisikia ni ule mruko wa mwisho, kwa hiyo ndicho anachokisema. Tungemwongezea weji tungelifanya gari ligome zaidi na mkia uruke zaidi, na yeye angekuwa na haki ya kuamini kwamba hatumsikilizi.

Tulipunguza weji. Mizunguko kumi baadaye redio ilikuwa kimya, na kwenye kazi hii ukimya wa dereva ni habari njema. Tulimaliza wa pili, nyuma ya gari lililokuwa bora kuliko letu usiku ule.

Hilo halipatikani kwenye simuleta peke yake. Tairi lilikuwa na ushahidi ambao dereva hakuwa nao, na mkono uliokwangua matairi mengi unautambua gizani.

Historia ya mchezo wenyewe inaniunga mkono. Dale Inman, binamu yake dereva Richard Petty kutoka Level Cross hapa hapa North Carolina, anahesabiwa kuwa kru chifu wa kwanza kwa maana tunayoijua leo. Ana mataji manane, saba akiwa na Petty na la nane mwaka 1984 akiwa na Terry Labonte. Uamuzi wake ninaourudia mara nyingi kwa vijana ni wa mwaka 1981 kwenye Daytona 500, mbio kubwa kuliko zote za Cup. Walipoingia piti mara ya mwisho, wenzao walikuwa wamebadilisha matairi. Inman aliamua petroli tu, tairi hata moja lisiguswe. Petty alitoka haraka, akaongoza, akashinda Daytona 500 yake ya saba. Watu huusimulia uamuzi ule kama ujasiri. Mimi naona ni hesabu ya mtu aliyeyajua matairi yake yamebakiza nini.

Steve Letarte naye. Alianza kwenye timu ya Hendrick Motorsports akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akifanya kazi za muda, kufagia zikiwemo. Akawa mtaalamu wa matairi kwenye gari la dereva Jeff Gordon, akawa fundi, akawa msimamizi wa gari, na mwaka 2005, akiwa na miaka 26, akapewa ukuru chifu wa gari hilohilo. Baadaye alishinda Daytona 500 ya 2014 na Dale Earnhardt Jr. Chad Knaus alitokea Rockford, Illinois, ambako tangu utotoni alikuwa akilishughulikia gari la mbio la baba yake. Alipokuja Carolina akawa fundi wa kuchomelea na kukunja bati, na mbadilishaji wa matairi kwenye kikosi cha Ray Evernham, kru chifu wa Gordon wakati huo. Ni huyohuyo aliyekuja kushinda mataji saba na Jimmie Johnson, matano kati ya hayo mfululizo, 2006 hadi 2010. Watu hawa walijua kila kituo cha kazi kwa sababu walikuwa wamesimama hapo.

Siwezi kuficha upande wa pili. Tangu gari la kizazi kipya lilipoingia Cup Series mwaka 2022, mambo yamebadilika sana. Sehemu nyingi za gari sasa zinanunuliwa kwa msambazaji mmoja aliyeteuliwa, timu haziruhusiwi kuzibadilisha umbo, na gurudumu linafungwa kwa nati moja badala ya tano. Ubunifu wa gereji uliokuwa unatofautisha timu umebanwa. Ushindi unatafutwa kwenye data, kwenye shokomzoba, kwenye mkakati wa petroli na matairi, kwa hiyo wainjinia wamepanda. Cliff Daniels, kru chifu wa Kyle Larson, alitokea kwenye kiti cha injinia wa mbio. Njia hiyo ni halali kabisa na itazidi kuwa kuu. Chuo Kikuu cha North Carolina hapa Charlotte kinafundisha uinjinia wa magari ya mbio, na mzazi mwenye mtoto anayependa hesabu asisite kumpeleka. Ninachokataa ni ile dhana kwamba injinia anaweza kuruka matairi. Wainjinia bora niliofanya kazi nao walikuwa wanakuja wenyewe kwenye kona yetu na kupiga magoti.

Ni Daniels huyo aliyekuwa juu ya boksi la piti Phoenix, Novemba 2021, kwenye mbio za kuamua ubingwa. Bendera ya njano, ile ya kupunguza mwendo kwa sababu ya hatari, ilitoka ikiwa imebaki mizunguko kama thelathini, Larson akiwa wa nne. Wote wakaingia piti. Kikosi chake kilibadilisha matairi manne na kujaza mafuta, na gari likatoka la kwanza. Hakuachia tena, akawa bingwa. Watu walisifia mikono ya wale vijana, na walistahili. Lakini tazama na kilichotangulia: Larson alikuwa ameongoza kwenye kufuzu, na anayeongoza kufuzu ndiye anayechagua kibanda cha piti kwanza. Walichagua kibanda cha mwisho kabisa kuelekea njia ya kutokea, ambacho hakina gari la kukuzibia mbele ukiondoka. Ubingwa ule ulianza kuamuliwa siku moja kabla. Kazi ya kru chifu kwa sehemu kubwa iko hivyo, unaweka mambo mahali pake watu wakiwa bado wanakunywa kahawa, ili yakija kuhitajika yawepo.

Kikosi cha piti siku hizi ni wanamichezo. Evernham ndiye aliyelisukuma jambo hilo mbele miaka ya 1990 na kikosi cha Gordon, wakaletwa watu wa mazoezi ya mpira wa Kimarekani, wakafanya mazoezi kama timu ya mpira. Leo wanaoruka ukuta wa piti kulihudumia gari ni watano: wabadilishaji wawili, mbebaji wa matairi, wa jeki, na wa mafuta. Brehanna Daniels alicheza mpira wa kikapu chuo kikuu cha Norfolk State, akapitia mpango wa NASCAR wa kutafuta vipaji, na mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufanya kazi ya piti kwenye mbio za Cup. Nawataja wasichana wetu hapa kwa makusudi. Mlango ule upo na uko wazi.

Kuhusu ukaguzi nitasema kwa ufupi lakini kwa uzito. Mbio za kwanza kabisa za ligi kuu ya NASCAR, Juni 19, 1949, hapa Charlotte, aliyevuka mstari wa kwanza alikuwa Glenn Dunaway. Wakaguzi walikuta springi za nyuma zimefanyiwa ujanja wa wasafirisha pombe ya magendo, wakamfuta, ushindi akapewa Jim Roper. Yaani mchezo huu una ukaguzi tangu siku ya kuzaliwa. Mwaka 2006 Knaus alirudishwa nyumbani kutoka Daytona kwa kosa la ukaguzi, na Johnson akashinda Daytona 500 akiongozwa na Darian Grubb. Siku hizi faini ni kubwa na kufungiwa ni kwa wiki nyingi. Kila timu ina mtu anayependa kusema "hawataona." Msimamo wangu ni kwamba saini iliyo kwenye fomu ni yangu, na fundi akitaka kujaribu kitu atanionyesha kwanza mchana kweupe, tutakisoma kanuni pamoja. Kijana akikaa kwenye timu ambayo hilo haliwezekani, namshauri ahame mapema, kwa sababu jina lako kwenye gereji hizi linasafiri kuliko gari. Mooresville, Concord, Huntersville na Welcome ziko karibu karibu, na kila mtu amewahi kufanya kazi na kila mtu.

Tukienda South Boston tunapita Danville. Huko alizaliwa Wendell Scott. Kila ninaposafiri na vijana weusi kwenye lori letu, nawasimulia habari zake tukiwa barabarani pale. Scott alikuwa dereva na fundi wa gari lake mwenyewe, wanawe wakiwa kikosi chake, akinunua vifaa vilivyotumika kwa sababu vipya havikuwa ndani ya uwezo wake. Desemba 1, 1963, Jacksonville, Florida, alishinda mbio za ligi kuu, Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Siku hiyo ushindi alitangaziwa Buck Baker, mzungu. Maafisa walikuja kukiri kwamba Scott ndiye mshindi watu wakiwa wameshaondoka, na kombe la siku ile hakulipata. Alifariki 1990. Familia yake ilikabidhiwa kombe Daytona mwaka 2021, miaka 58 baadaye. Mimi si Mmarekani wa kuzaliwa na historia hiyo siwezi kuidai kuwa yangu. Lakini gereji ninayoingia bila kuulizwa ninatafuta nini, kuna mtu aliingia akiulizwa, na vijana wanaokuja nyuma yangu wanapaswa kumjua kwa jina.

Gharama ya kazi hii kwa mtu wa jamii yetu ni Jumamosi. Mwenzangu Mmarekani akikosa Jumamosi amekosa mapumziko. Mimi nikikosa Jumamosi nimekosa harusi, ubarikio, arobaini, kikao cha jumuiya, na misiba, ambayo huku ughaibuni ndiyo inayotuweka pamoja, kwa sababu mtu akifiwa na mzazi kule nyumbani na nauli haipo, ni sisi tutakaokaa naye. Mzee mmoja wa jumuiya yetu aliniambia mbele za watu, "Kijana, michango yako tunaiona, sura yako hatuioni." Alisema kweli na iliniuma. Tangu hapo Jumapili asubuhi, hata kama tumerudi saa tisa usiku, naenda kwa wafiwa kabla ya kwenda gereji. Mke wangu ndiye anayenishikia daftari la nani amefiwa na nani amejifungua, na bila yeye ningekuwa mgeni kwa watu wangu. Anayeingia kwenye mchezo huu azungumze na nyumba yake kabla ya msimu, kalenda ikiwa mezani. Mbio za mwaka mzima zinajulikana mapema. Misiba haijulikani, na lazima mkubaliane nani atasimama kwa niaba yenu.

Sasa kuhusu kuingia. Ile shule ya ufundi ya Mooresville yenye jina la NASCAR inafundisha vizuri, ila cheti chake hakikupi gari. Kinachokupa gari ni watu kukuona ukirudi. Nenda kiwanja kilicho karibu siku ya mazoezi, vaa viatu vilivyofungwa na suruali ndefu, zunguka kwenye piti utafute timu yenye watu wawili wanaofanya kazi ya watu watano. Salimia, jitolee, usianze na injini. Omba matairi. Hakuna timu ndogo itakayokukatalia mtu wa kuyabeba, na ukishayabeba unaruhusiwa kuuliza. Malipo usiyatarajie msimu wa kwanza, chakula cha jioni utakipata. Ukiwa kwenye timu ya juu tayari na umepewa kazi ya kuosha vifaa, viangalie unapoviosha: kipi kimelika upande mmoja, kipi kimepata moto. Fundi mkuu atakuuliza siku moja, na ukiwa na jibu lenye namba hutarudi kwenye sinki.

Kuna mlango mwingine ambao watu wetu wanao mkononi na hawaujui. Wengi wetu huku ni madereva wa malori makubwa wenye leseni kamili. Kila timu, kubwa na ndogo, inahitaji mtu wa kulipeleka gari la mbio na gereji nzima kwenye trela kutoka Carolina hadi Virginia, Tennessee, Florida, na kulirudisha usiku uleule. Leseni hiyo inachukua muda na pesa kuipata, na timu nyingi hazina mtu wa akiba. Kwenye timu ndogo dereva wa lori akishaegesha haendi kulala, anapewa kazi ya pili, na mara nyingi kazi hiyo ni matairi au mafuta. Kwa hiyo kama wewe unakula maili kila siku kwenye barabara kuu ya I-85 na moyo wako uko kwenye mbio, huna haja ya kuanza chini kabisa. Viwanja vingi hufungua msimu Machi, na timu zinapanga watu wao kuanzia Januari. Wapigie simu mwezi huo. Waambie leseni unayo, matairi huyajui bado, na Jumamosi zako zote umeshazizungumza nyumbani.